Moins Quarante Mbele ya Nyumba Yetu

Jumatatu ile, saa moja asubuhi, Papa aliketi ndani ya gari lake, mguu mmoja ndani na mwingine nje, akitazama tableau de bord, ubao wa namba za gari, kama mtu anayesoma barua ya msiba. Uani Mama alikuwa anaanika maharage. Jua lilikuwa limeshapita vichwa vya mikaratusi, na kuku walikuwa wanatafuta kivuli. Papa akanyoosha mkono nje, akaupapasa upepo kwa vidole, akaurudisha mkono ndani, akatazama tena.

"Moins quarante," akasema. Arobaini chini ya sifuri.

Mama hakuinua hata kichwa. "Moins quarante ya nini?"

"Ya baridi. Ya inje. Hapa penye uko unaanika maharage."

"Basi itakauka lini, hii maharage?"

Papa aliufunga mlango taratibu, kama vile mtu anavyofunga mlango wa chumba cha mgonjwa.

Lazima niseme namba ile ilikuwa nini kwetu. Gari la Papa lilitoka Japani, likapita Kampala, likatufikia Butembo, mashariki ya Kongo, likiwa na usukani wa kuume na viti ambavyo bado vilikuwa na nailoni. Mambo mengi ndani yake hayakutuhusu. Redio ilikataa kushika kituo chochote cha huku. Kila ukiwasha injini, mwanamke mmoja alisema neno la Kijapani kwa sauti tamu, na Papa, ambaye jina lake ni Zorobabel na ni mzee wa kanisa, alimjibu "Aksanti, mama," kwa sababu hakutaka kuonekana hana adabu. Lakini pale katikati palikuwa na namba inayoonyesha baridi au joto la nje, na namba ni namba hata ikiwa imetoka Japani.

Kila asubuhi kabla ya kwenda kufungua duka lake la misumari na simenti, Papa aliwasha gari, akasoma, akatangaza juu ya ua, kwa Kifaransa tunachohesabia: "Leo dix-sept!", kumi na saba. Na mtaa ukajipanga. Mama Virginie, jirani yetu, hakumwogesha mtoto wake mpaka isomwe dix-neuf, kumi na tisa. Waashi walipita kuuliza kabla ya kupaka plasta. Sijawahi kumwona Papa akiwa na furaha kama asubuhi moja ya Julai alipotangaza "Onze!", kumi na moja tu, na watu watatu wakarudi nyumbani kuchukua makoti.

Sasa Mama Virginie alikuwa amesimama uani kwake, mtoto mgongoni.

"Papa Zorobabel, leo ngapi?"

Papa alitazama viatu vyake. "Leo gari iko mugonjwa kidogo."

"Batoto banasema ni moins quarante."

"Batoto banasema mambo mingi."

Mama Virginie hakubishana. Lakini nilipokuwa natoka kwenda shule nikamwona mtoto wake amevaa kofia mbili za sufu, jasho linamtiririka hadi shingoni, anatazama dunia bila kuielewa.

Mimi nilielewa. Hilo ndilo lililokuwa tatizo langu.

*

Jumamosi iliyotangulia tulikuwa tumeshuka Kyavinyonge, kwenye ziwa, kumpa pole rafiki wa Papa aliyefiwa na mama yake. Tulikuwa watatu: Papa, mimi, na Tantine Kyakimwa, dada yake mdogo, ambaye hawezi kuliona ziwa bila kununua samaki. Papa alikuwa ameshaweka sheria: samaki haipandi gari lake. Si ndani, si juu, si nyuma. Harufu ya samaki, alisema, ni kama mgeni asiyejua kuaga.

"Hakuna shida, yaya," Tantine akamwambia, kama tunavyomwita kaka mkubwa. "Itakuja na lori ya rafiki yangu."

Papa aliporudi ndani kuomba sala ya mwisho na wafiwa, Tantine akanisukumia mkononi tilapia zilizotungwa kwa waya. "Abigaïl, funga kule mbele ya gari, chini. Kila mutu anafanya vile. Upepo ya barabara itailinda, itafika mubichi."

Nilitaka kusema hapana. Neno lilikuwepo, nililiona. Lakini mimi na maneno tuna shida ya siku nyingi: yakiona mtu mkubwa yanarudi ndani. Darasani mwalimu wa fizikia ananipa chaki niandike jibu ubaoni, maana akinisubiri nilitamke kengele italia. Basi nikapiga magoti mbele ya gari, nikatia mkono nyuma ya wavu wa radiateur, pale injini inapopozwa, kutafuta mahali pa kufungia. Nikakuta kitu kidogo cheusi kimejitokeza, kigumu, kimepinda kidogo, kama jino. Nilikipenda mara moja. Kilikuwa kama kimetengenezwa kwa kazi hiyo. Nikatundika.

Tukapanda mlima wote wa Kyondo na samaki zetu zikicheza mbele yetu, na Papa anapiga honi kwa furaha akisema watu wa barabarani leo wana heshima, wote wanatucheka vizuri.

Tulipofika nyumbani Papa akaingia ndani haraka kuwasalimia wageni waliomsubiri. Tantine akanikonyeza. Nikavuta waya, haukutoka. Nikavuta kwa nguvu. Samaki zikatoka zote, na lile jino likaja nazo, na nyuma ya jino ukaning'inia uzi mwembamba uliokatika. Nikalirudisha shimoni, nikalisukuma kwa dole gumba mpaka likakaa. Jioni Papa alikula, akalamba vidole, akamsifu dereva wa lori kwamba ni mtu anayejua kazi yake.

Jumapili tulienda kanisani kwa miguu. Jumatatu ikawa moins quarante.

*

"Ni Éliakim," Papa akasema mezani.

Fundi Éliakim alikuwa na gereji chini ya mikaratusi, upande wa Mususa. Alikuwa mtu mpole, mwenye ovaroli iliyoandikwa kifuani jina la mtu mwingine, kwa kuwa aliinunua kwenye mitumba, na kwa miaka mingi baadhi ya wateja walimwita kwa jina hilo naye akaitika ili asiwaaibishe. Jumatano ya wiki iliyopita alikuwa amebadilisha mafuta ya gari letu na kuosha radiateur.

"Aligusa mbele," Papa akasema, akimaanisha kwamba fundi ameiba kipuri. "Alitosha pièce ya Japani, akaweka ya bule. Pièce mubaya inaishi siku tatu, ine, kisha inakufa."

"Una ushahidi?" Mama akauliza.

"Ushahidi ni moins quarante."

Mambo yangeishia hapo, kama maneno mengine ya mezani, isipokuwa kwa jambo moja. Kanisani kwetu mtu akichaguliwa kuwa shemasi, jina lake linasomwa Jumapili tatu mfululizo. Kila mara mchungaji anauliza: kama kuna mtu mwenye neno juu ya ndugu huyu, asimame aseme. Jina la Éliakim lilikuwa limeshasomwa mara mbili. Watu walikaa kimya mara zote mbili, kimya kizuri, cha kumpenda.

"Dimanche Pasta Manassé atauliza mara ya tatu," Papa akasema, akiweka kijiko chini. "Na mimi niko na neno."

"Zorobabel. Juu ya thermomètre?"

"Juu ya mikono ya mutu mwenye atashika sadaka."

Nikakusanya sahani zote, hata za waliokuwa bado wanakula.

Jumanne tulipitia gereji nikitoka shule. Papa alinichukua kwa sababu ya kitabu cha maelezo kilichokuja na gari: mimi nasoma math-physique, hesabu na fizikia, kwa hiyo kwake mimi ndiye mtaalamu. Éliakim akatazama fuse moja moja. Akatoa nyaya za batri, akasubiri, akazirudisha. Mwanamke wa Kijapani akatusalimia. Moins quarante.

"Iko na capteur fulani," Éliakim akasema, "kitu kidogo cha kupima baridi ya inje. Lakini penye baliifichaka, sijue." Akatafuta kwenye kioo. Akatafuta juu ya paa. Akapapasa chini ya mlango kama daktari anayetafuta mapigo ya moyo mguuni.

"Abigaïl," Papa akasema, "kitabu inasema iko wapi?"

Nilikuwa nimekifungua ukurasa wa picha. Mshale mmoja mweusi, mnene, ambao hata mtu asiyejua kusoma hawezi kuukosa, ulielekea moja kwa moja nyuma ya wavu wa mbele, kwenye jino langu.

"Ni Kijapani, Papa," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema kweli iliyonitia aibu namna ile.

Papa akamgeukia fundi. "Mbele ya wewe kugusa, hii gari ilikuwa inasoma muzuri."

"Muzee, niliosha radiateur tu."

"Njo vile. Radiateur iko wapi? Si mbele?"

Éliakim akachukua kitambaa, akaanza kufuta kidole kimoja kimoja. "Muzee Zorobabel, unaniita mwizi?"

"Sijasema mwizi. Nimesema moins quarante."

Lakini dukani alikuwa anasema zaidi ya hapo, kati ya misumari na simenti, kila siku kidogo. Kufikia Alhamisi wateja wawili walikuwa wameondoa magari yao kwa Éliakim. Jioni hiyo akaja kwetu, amevaa shati la kanisani. Akakataa chai.

"Beni, commune Ruwenzori, kuko électricien, Malachie. Huyu anajua fil zote za umeme. Tuende kwake samedi, mimi na wewe. Akisema niliiba pièce, dimanche hautasimama bule: mi mwenyewe nitaenda kwa Pasta nitoshe jina yangu kwa bashemasi."

Papa hakutegemea hilo. Alimtazama Mama. Mama alitazama chai.

"Tutaenda," Papa akasema. "Abigaïl atabeba kitabu."

*

Jumamosi tukaondoka. Barabara ya Beni inashuka. Ukiondoka Butembo umevaa sweta, ukipita Maboya unaivua, na ukifika Kabasha unajiuliza kwa nini una ngozi. Watu wazima walikaa mbele. Mimi nilikaa nyuma na kitabu magotini kama mtu aliyebeba bomu.

Gari nalo lilikuwa na mawazo yake. Kwa kuwa liliamini kabisa kwamba nje ni moins quarante, lilituonea huruma. Hewa baridi lilikataa kutoa. Badala yake lilianza kutupulizia hewa ya moto usoni na miguuni, kwa bidii, kama bibi anayekuchochelea moto ili upone. Papa akabonyeza kitufe kimoja. Likapuliza kwa nguvu zaidi. Akabonyeza kingine. Mwanamke wa Kijapani akasema sentensi ndefu yenye upendo.

"Fungua dirisha, Muzee," Éliakim akasema.

Akafungua. Lori likapita, vumbi likaingia. Tukafunga, wote watatu tukiwa na rangi moja.

Kwenye barrière, kizuizi cha jeshi, mwanajeshi kijana akainama dirishani. Akamwona Papa ametota jasho, na Éliakim ametota jasho, na kule nyuma msichana ametota jasho na anataka kulia. Kisha akaiona namba.

"Eh, Papa! Awa eza Russie?" Akawaita wenzake, kwa Kilingala hicho hicho, waje waione Urusi. Wakaja wanne, wakapokezana dirisha. Mmoja alijikunja akatetemesha meno. "Pita, Papa, pita mbio," yule wa kwanza akasema, akifuta machozi. "Mutakufa na baridi."

Papa alishika usukani kwa mikono miwili. Nilitazama kisogo chake, nikafikiri: sasa. Sema sasa, tukiwa ndani, tukiwa watatu tu. Nilifungua mdomo mara mbili. Mara zote mbili hewa ya moto iliingia, na hakuna kilichotoka.

Malachie alifanya kazi chini ya bâche, turubai ya bluu, kwenye mstari wa mafundi, kati ya mtu wa matairi na mama mwenye kukaanga mandazi. Alikuwa mwembamba, miwani yake imefungwa kwa waya wa simu. Aliisikiliza habari yote, kisha akanyoosha kidole mashariki ambako, kwa kuwa asubuhi ilikuwa safi, milima ya Ruwenzori ilionyesha weupe wake.

"Theluji iko kule," akasema. "Hapa hapana."

Hakuuliza kitabu. Akapiga magoti mbele ya gari, akatia mkono nyuma ya wavu, mahali pale pale, kama mtu anayechukua chumvi jikoni kwake. Jino likatoka, na uzi uliokatika ukining'inia.

"Hii haikubadilishwa. Ni ile ya mwanzo. Mutu aliivuta, fil ikakatika, basi gari inasoma tu mwisho wa baridi."

"Mutu," Papa akarudia, bila kumtazama Éliakim, kwa namna ya kumtazama sana.

Malachie akanusa vidole vyake. Akanusa tena. Kutoka kwenye mkunjo wa lile jino akabandua kitu kidogo cha duara, kinachong'aa, akakiweka kiganjani kwa Papa.

"Na hii ni gamba ya samaki."

Nilikifunga kitabu. Basi imekwisha, nikawaza. Atakumbuka ziwa. Atakumbuka Tantine. Nitaadhibiwa bila kulazimika kusema neno hata moja, na hiyo ndiyo adhabu ninayoiweza.

Papa aliliinua gamba juani. Akaligeuza. Akafikiri, akafikiri sana, na uso wake ukaanza kung'aa.

"Éliakim. Ile mercredi uliosha radiateur, chakula ya midi ulikula nini?"

"Muzee?"

"Nauliza tu. Ulikula nini?"

Mtu mwingine yeyote angesema sombe, majani tu ya muhogo. Éliakim akatazama juu, akahesabu siku nyuma, kwa sababu alitaka jibu liwe sahihi.

"Samaki," akasema.

"Na kisha kula ulinawa?"

Mtu wa matairi aliacha kupiga nyundo.

"Ile siku," Éliakim akasema polepole, "maji ilikuwa imekatika."

"Ah!" Papa akamgeukia Malachie, gamba likiwa juu kama medali. "Umesikia? Umesikia kwa kinywa yake?"

Nikamwona Éliakim akiangalia mikono yake. Aliiangalia juu, akaigeuza, akaiangalia chini, na nikaelewa jambo baya: alikuwa ameanza kuamini. Mtu yule mwaminifu alikuwa anajitafutia kosa lake, na angelipata, kwa sababu ukitafuta kwa moyo safi hukosi. Kesho angeenda kwa mchungaji kutoa jina lake kwa ajili ya samaki nilizotundika mimi.

"Ni yetu," nikasema.

"Nini?" Papa akauliza.

"Samaki."

"Sema kwa nguvu, kuna mashini."

Palikuwa na jenereta jirani ikinguruma. Nikajaza kifua. Sijui kwa nini jenereta ilichagua nukta ile kuzimika.

"NI MIMI NILITUNDIKA SAMAKI PALE!"

Mstari mzima wa mafundi uligeuka. Mama wa mandazi alisimamisha kijiko hewani. "Yesu," akasema.

"Samaki gani?" Papa akauliza, polepole sasa.

"Ya Kyavinyonge. Ile ulikula."

"Ile ilikuja na lori."

"Lori haikukuwa, Papa."

Naona hicho ndicho kilichomchoma zaidi. Alikuwa amemsifu yule dereva kwa watu. Alilitazama gamba kiganjani, hakujua pa kuliweka, mwishowe akalitia mfukoni mwa shati. Malachie alikuwa amegeuka upande, mabega yake yanacheza. "Muzee, usisikie vibaya," akasema alipoweza. "Kila mwezi napata mbili, tatu. Watu wa kule ziwa wote wanatundika pale pale. Wajapani hawakujua kama tuko na samaki."

Akapasha moto chuma chake, akaunganisha uzi, akauzungushia gundi nyeusi, akalishika jino ndani ya ngumi yake tusubiri. Moins quarante ikafutika. Ikaja mistari miwili mitupu. Kisha: vingt-neuf, ishirini na tisa. Trente et un, thelathini na moja. Papa aliitazama ikipanda, na midomo yake ilitaka kutangaza, lakini haikutangaza.

Éliakim hakuwa amecheka. Alikuwa amekaa juu ya tairi. "Wiki nzima, Muzee," akasema tu. "Wiki nzima watu wananipa mukono, kisha wanahesabu vidole yao."

Papa akafungua mdomo. Nilimfahamu kwa mara ya kwanza maishani mwangu: nilimwona anatafuta neno, analiona, na linarudi ndani.

"Kesho ni dimanche," ndilo alilosema.

Tukapanda kurudi Butembo na hewa baridi safi ikitupuliza, Papa akitazama barabara, Éliakim dirisha lake. Afadhali ile ya moto.

*

Jumapili kanisa lilijaa. Wanawake upande wao, wanaume upande wao, kwaya katikati. Tantine Kyakimwa alikaa kando yangu, amejifunga kitambaa kipya. Hakujua kitu, na mimi sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nimetumia sauti yangu yote Beni. Éliakim alikaa benchi la mbele. Hakuwa ameenda kwa mchungaji. Alikuwa ameacha jina lake pale lilipo na mikono yake magotini, wazi, mahali ambapo kila mtu angeweza kuiona.

Pasta Manassé akasoma jina. Akavua miwani.

"Ni mara ya tatu na ya mwisho. Kama kuko mutu mwenye neno juu ya huyu ndugu, asimame aseme."

Kimya. Si kile kizuri cha Jumapili mbili zilizopita. Hiki kilikuwa na masikio. Nusu ya kanisa walikuwa wamenunua misumari wiki ile. Benchi likalia upande wa wanaume.

Papa alikuwa amesimama.

Éliakim akafumba macho. Mama akanishika goti.

"Niko na neno," Papa akasema. Akakohoa. "Si juu yake, ni juu yangu. Na ni refu kidogo. Inaanzia Kyavinyonge."

Tantine Kyakimwa akashusha kitambaa chake kipya mpaka puani.

Papa akaeleza kilio, akaeleza sheria yake ya samaki, akaeleza lori ambalo halikuwepo. Alianza vibaya, akikwama kila hatua. Mtu akacheka kule nyuma, akanyamazishwa, kisha akacheka mwingine. Alipofika kwenye waya na tilapia akakwama kabisa. Papa hawezi kusimulia jambo bila namba yake. Akageuka, akatafuta kwa macho benchi moja baada ya jingine upande wa wanawake, mpaka akaniona.

"Abigaïl," akasema, mbele ya kanisa zima. "Samaki ilikuwa ngapi?"

Vichwa vyote viligeuka.

"Sita," nikasema.

"Nguvu kidogo, binti," Pasta Manassé akasema. "Huku mbele hatujasikia."

Nikasimama.

"Sita," nikasema, na kwa kuwa nilikuwa nimeshasimama, nikaendelea pale Papa alipokwama.